Ni Nani wa Kuaminiwa Kitabu Chetu?

Zamani katika nchi hii ya Ufipa mtu aliyetamani kuona maneno yake katika kitabu hakuwa na njia nyingi za kuchagua. Vitabu vingi vya sala, vya nyimbo na vya kusomea walivyovitumia wazee wetu vilitoka katika viwanda vya chapa vya misioni, kama kile cha Kipalapala karibu na Tabora. Misioni ndiyo iliyoyapima maneno, ikalipa gharama, ikavipeleka vitabu mpaka vijijini. Mlango ulikuwa mmoja, na bawabu wake alijulikana.

Leo milango ni mingi. Mtu wa Sumbawanga mjini, au wa Matai, au wa Namanyere, aweza kuupeleka mswada wake Mbeya au Dar es Salaam kwa intaneti, asipande gari wala kulipa nauli. Wako wapiga chapa wenye mitambo. Wako wanaojiita watoaji wa vitabu. Wako wa ng'ambo ambao hupiga chapa nakala moja moja kadiri wanunuzi wanavyoagiza. Tena wako wasiongoja kutafutwa, bali hupeleka ujumbe katika simu za watu, wakimwita kila mmoja mwandishi mheshimiwa, wakisifu kitabu ambacho hawajakisoma, na kutaja kiasi cha fedha. Sisi walimu huulizwa mara kwa mara, kwa kuwa watu hudhani ajuaye kusoma vitabu ajua pia vinakotoka: je, ni nani wa kuaminiwa? Swali hili si la biashara tu. Ni swali la adili, kwa maana ndani yake mna amana, mna kweli, na mna jasho la watu wa nyumbani.

Kwanza yatupasa kufahamu mtu hutoa nini anapoutoa mswada wake. Aliyepeleka magunia ya mahindi sokoni akapunjwa katika mizani amepata hasara, lakini mwakani atalima tena. Tumfikiri sasa mzee ambaye kwa miaka mingi amekusanya habari za ukoo wake: jinsi mababu walivyoyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, jinsi wakulima walivyofukia majani katika matuta ya mviringo ili yaoze na kurutubisha shamba, majina ya vilima na mito, na mithali za Kifipa ambazo vijana hawazisemi tena. Mzee huyo hana mavuno ya pili. Wengi waliomsimulia wamekwisha kulala makaburini. Neno alilolishika ni amana aliyowekewa na wafu kwa ajili ya wasiozaliwa bado, na akimkabidhi mtu mwingine amana hiyo, yampasa kumjua.

Wala tusidharau tamaa ya mzee huyo tukasema kwamba ni majivuno. Habari za nchi yetu zimeandikwa, lakini aghalabu zimeandikwa na wengine na kwa lugha za wengine. Askofu Adolphe Lechaptois wa Karema aliandika kwa Kifaransa juu ya watu wa kando ya Ziwa Tanganyika na wa uwanda huu, na kitabu chake kilipigwa chapa Algeria mwaka 1913. Katekista na tabibu Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akawauguza watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, alieleza maisha yake mwenyewe. Nayo yalitolewa mwaka 1946 katika jarida la Kiingereza liitwalo Tanganyika Notes and Records. Mwingereza Roy Willis alitoa mwaka 1981 kitabu kikubwa juu ya dola ya zamani ya Ufipa. Twawashukuru hawa wote, kwa kuwa bila wao mengi yangalipotea. Lakini bibi wa kijijini hawezi kuvisoma vitabu hivyo, wala mjukuu wake hawezi kumsomea. Basi mtu wa hapa akitaka kuandika kwa ajili ya watu wa hapa, ni jambo jema, tena ni jambo la haraka.

Sasa tutazame kazi zenyewe, kwa maana udanganyifu mwingi huzaliwa pale ambapo kazi mbili hupewa jina moja. Katika vijiji vyetu kila mtu aijua mashine ya kusaga. Mwenye mashine hupokea debe lako, husaga, hutwaa ujira wake, basi. Kama mahindi yako yana wadudu, unga utakuwa wa wadudu, na hiyo si dhambi yake. Yeye hakuahidi kuchagua punje. Lakini yuko mtu mwingine, yaani mshirika wa shamba. Huyu hutoa mbegu au mbolea kwa fedha yake, nawe hutoa ardhi na mikono, kisha mwagawana mavuno. Mshirika hataridhika na mbegu mbovu, kwa kuwa mvua ikikatika njaa itampata naye.

Mpiga chapa ni kama mwenye mashine. Hupokea mswada, hutia wino katika karatasi, hulipwa. Mtoaji wa vitabu, ambaye siku hizi huitwa mchapishaji, ni kama mshirika wa shamba: huusoma mswada, huukataa au huukubali, huusahihisha, hulipia chapa kwa mali yake, huuza, kisha humpa mwandishi sehemu yake, ndiyo mrabaha. Kazi zote mbili ni halali. Mwandishi akitaka kulipia chapa ya kitabu chake mwenyewe, hatendi kosa lo lote, kama vile asagaye mahindi yake kwa fedha yake hatendi kosa. Dhambi iko mahali pamoja tu: pale mwenye mashine anapojiita mshirika, akakulipisha gharama zote za shamba, huku akikuahidi mavuno ambayo hana nia ya kuyalima. Huyo hupata faida yake siku unapolipa. Vitabu vikiuzwa au vikiliwa na mchwa, kwake ni mamoja.

Wengine watatuuliza: Ikiwa ni hivyo, si heri kungoja mchapishaji wa kweli atukubali? Jibu si jepesi, na habari za Aniceti Kitereza wa Ukerewe zatuonya. Mtu huyu, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufundishwa na Mapadre Weupe, alimaliza mwaka 1945 kitabu kirefu kwa Kikerewe juu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Hakikupata mtoaji. Lugha ilikuwa ya watu wachache, na kitabu kilikuwa kikubwa. Mwandishi hakukata tamaa. Alikaa akakifasiri chote kwa Kiswahili kwa mkono wake. Hatimaye Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla ya kukishika mkononi. Leo wataalamu hukihesabu miongoni mwa vitabu vikuu vya Kiswahili, na kimefasiriwa kwa Kijerumani na Kiingereza. Kwa hiyo mtu akikataliwa asiseme mara moja kwamba kitabu chake ni kibaya. Pengine kimekataliwa kwa sababu ya hesabu za soko, na soko si hakimu wa kweli.

Tena yuko Shaaban Robert wa Tanga, ambaye baadhi ya vitabu vyake vilitolewa Uingereza na vingine Johannesburg. Mtu huyu, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuenea, katika miaka yake ya mwisho alijiundia kampuni yake mwenyewe ya kutoa vitabu kule Tanga. Basi kujitolea kitabu si alama ya mtu aliyeshindwa.

Lakini kama kukataliwa hakuthibitishi ubaya, kukubaliwa nako hakuthibitishi uzuri. Hapa twaleta habari kutoka Marekani. Mwaka 2004 kundi la waandishi wa huko walitaka kuijaribu kampuni moja iliyokuwa ikijisifu kwamba huchagua miswada kwa uangalifu. Wakatunga kwa makusudi kitabu kibovu kuliko vyote, wakakiita Atlanta Nights. Kila sura iliandikwa na mtu asiyejua wenzake wameandika nini. Sura mbili zilikuwa neno kwa neno zilezile. Sura moja haikuwapo kabisa. Na nyingine iliundwa na kompyuta ikichanganya maneno ovyo. Kampuni ikakikubali kitabu hicho, ikatoa mkataba. Ilipofichuliwa mwezi wa Januari 2005 kwamba ni mtego, ndipo ilipoutangua. Je, twadhani ni waandishi wangapi wa kweli walipokea barua kama ile wakashangilia pamoja na watoto wao, wasijue kwamba hakuna aliyewasoma?

Tukiziweka pamoja habari hizi, twapata kipimo kimoja. Neno "ndiyo" peke yake halitoshi, wala "hapana" peke yake haitoshi. Mwaminifu ni yule awezaye kukuambia kweli ambayo yamgharimu yeye mwenyewe. Mchapishaji akikuambia, "Sura ya tatu haieleweki, irudie, ndipo tutaendelea," ameongeza kazi yake na kuchelewesha faida yake. Mpiga chapa akikuambia, "Mzee, nakala 500 ni nyingi mno kwako, anza na 100," amejipunguzia fedha kwa mdomo wake. Maneno ya namna hiyo ni dhahabu. Lakini anayekusifu kabla hajasoma amekupa kitu kisichomgharimu hata senti. Wahenga walisema, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi huduma inayojitembeza katika simu za watu wasiowajua na ichunguzwe mara mbili.

Bwana wetu alitufundisha kwa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akahesabu gharama asije akachekwa. Nasi tufanye hesabu. Tuseme mpiga chapa ataka shilingi 6,000 kwa kila nakala ukiagiza 500. Jumla ni shilingi 3,000,000. Ukiuza kila nakala kwa shilingi 10,000, yakupasa kuuza 300 ndipo fedha yako irudi. Tuseme tena kwamba ukiagiza 100 bei hupanda kuwa 9,000 kila nakala. Jumla ni 900,000, nayo hurudi ukiuza 90. Mtu hutazama akasema, Nakala 500 ni rahisi zaidi. Lakini kama wanunuzi ni 60 tu, wa kwanza amepata hasara ya shilingi 2,400,000, na maboksi yamejaa chini ya kitanda. Wa pili amepoteza 300,000. Basi uliza kwanza: katika parokia yetu, shuleni, sokoni, na kwa jamaa walio mbali, ni nani hasa atakayetoa shilingi 10,000? Andika majina yao. Mtu asiyeweza kuandika majina 50 asiagize nakala 500.

Kisha, kabla ya kutoa fedha, omba kuonyeshwa kitabu ambacho wamekwisha kukitoa. Kifungue mpaka mwisho uone kama kurasa zang'oka na kama chapa inasomeka. Mtafute aliyekiandika, umwulize alipokea nakala ngapi, siku gani, na kama fedha za mauzo zilimfikia. Mtu mwaminifu hatakuzuia kuulizana na wateja wake wa zamani. Taka mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoifahamu, wenye idadi ya nakala, namna ya karatasi na jalada, siku ya kumaliza, na maneno ya wazi juu ya nani atamiliki nakala zitakazobaki. Usilipe zote mara moja. Lipa sehemu, kisha uletewe nakala moja ya majaribio uisome yote, ndipo ulipe iliyobaki. Fedha na ipokewe kwa jina la kampuni, pamoja na stakabadhi. Wazee walisema, Mali bila daftari huisha bila habari. Na kitabu ni mali.

Yako mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni ile namba ndefu ya nyuma ya jalada iitwayo ISBN, ambayo katika nchi yetu hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Namba hiyo ni kama jina la ubatizo: humtambulisha mtoto asichanganywe na wengine, lakini haisemi kama mtoto ana tabia njema. Mtu akikuambia kwamba namba ni sifa ya kitabu, anakudanganya au hajui. La pili ni hakimiliki. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, haki ya mwandishi huzaliwa pamoja na kazi yake anapoiandika. Haingoji kununuliwa kwa mpiga chapa. Lakini haki hiyo yaweza kutolewa kwa sahihi ya kalamu. Kwa hiyo ukiona katika mkataba maneno ya kumpa mwingine haki zote milele, huku wewe ndiwe uliyelipa gharama zote, weka kalamu chini urudi nyumbani.

Hata hapa hatujafika mwisho, kwa maana tumesema juu ya uaminifu wa wengine, bado wetu. Kwa nini maneno matamu hutupata upesi hivyo? Twaona kwamba mdanganyifu hauzi karatasi. Huuza sifa, na sifa huwa na wanunuzi kila mahali. Mtu mwenye busara katika ununuzi wa ng'ombe, ambaye hatanunua kabla hajatazama meno, hulipa mamilioni kwa mtu asiyemwona, kwa kuwa amemwita mwandishi mkuu. Basi kabla ya kumwuliza mchapishaji, "Je, wewe ni mwaminifu?" mwandishi ajiulize, "Je, nataka neno hili lisomwe, au nataka jina langu lionekane?" Atakaye neno lisomwe hushukuru akisahihishwa. Atakaye jina lionekane hukasirika, kisha humwendea yule asiyesahihisha.

Tena mwandishi ana madeni. Awadai wengine uaminifu, na yeye adaiwe wa kwake. Awataje waliomsimulia. Asizue habari za mababu ili kuupamba ukoo wake na kuushusha wa jirani. Wala asiuze mali ya nyumba kwa siri.

Hapo ndipo penye swali gumu kuliko yote. Mzee tuliyemtaja ana ng'ombe wawili. Wajukuu wake wangoja fedha za shule. Mswada umekwisha, nguvu zake zinapungua, na Kitereza alikufa kabla ya kukiona kitabu chake. Je, awauze ng'ombe? Wengine husema, Awauze, kwa kuwa kitabu kitaishi kuliko ng'ombe. Sisi twajibu kwamba asiwauze kwa siri, wala asiwauze kama mali ile imekwisha kuahidiwa watoto. Amana ya wafu hailipwi kwa kuvunja amana ya walio hai. Kama jamaa wameketi pamoja, wakaonyeshwa hesabu, nao wakakubali kwa moyo, basi kitabu kimekuwa cha ukoo, na hasara ikija itabebwa na mabega mengi.

Lakini jamaa wakikataa, mzee asidhani kwamba neno limekufa. Kuhifadhi neno ni jambo moja, na kuliuza ni jingine. Kwa fedha ya kuku wachache mswada waweza kutolewa nakala tano kwa mashine ya fotokopi na kushonwa vizuri. Moja ikae parokiani, moja shuleni, moja maktabani, moja kwa mtoto aishiye mbali, na moja nyumbani. Tukumbuke kwamba kitabu cha Kitereza kilikaa miaka 35 bila kupigwa chapa, nacho hakikupotea, kwa sababu karatasi zake zilitunzwa. Mswada uliotunzwa waweza kungoja mchapishaji mwaminifu. Mswada uliotupwa mikononi mwa mlaghai pamoja na fedha ya nyumba hauna cha kungojea.

Basi, ndugu zetu mnaoandika usiku kwa taa ndogo, andikeni. Uwanda huu una maneno mengi ambayo bado hayajapata karatasi. Mkiwa na fedha zenu halali na hesabu iliyo wazi, lipieni chapa bila haya. Mkipata mshirika wa kweli, mpokeeni na masahihisho yake. Lakini atakayewaambia kwamba kitabu chenu hakina kosa hata moja, naye hajafungua ukurasa wa kwanza, mshukuruni kwa adabu, kisha mfunge mkoba.